Mkono Kwanza, Mashine Baadaye

Watu wa Kiirua, huku Meru kwenye baridi, hatuvui sweta ovyo. Mtoto hufumiwa yake kabla hata hajazaliwa, na mzee wa heshima huzikwa na yake. Kwa hivyo asubuhi ile mwalimu wetu wa farasi alipotupanga nje ya banda, mwezi wa saba, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka ua wa malisho hauonekani, akasema, "Toeni masweta, nyote," tulidhani ni mzaha. Hakuwa mtu wa mzaha. Tukavua. Naye akaanza somo lake pole pole, eti hana haraka, akieleza ni wapi farasi hunyolewa manyoya na ni wapi huachwa, huku meno yetu yakigongana. Alipomaliza akauliza kama kuna mtu angependa arudie. Hakuna aliyependa.

Sababu ilikuwa mwenzetu Gitonga. Jana yake alikuwa amepewa mashine ajaribu kumnyoa farasi mmoja mweusi, na Gitonga, kwa vile alikuwa amewahi kushika mashine ya kinyozi pale sokoni, akamnyoa yule farasi kama mtu anayejiandaa kwa Krismasi. Mgongo, tumbo, miguu mpaka kwato, kila kitu chini. Farasi aling'aa ungedhani ametolewa dukani siku hiyo hiyo, na Gitonga akasimama kando yake akingoja sifa. Mwalimu alikuja, akamzunguka farasi. Akaenda chumbani kwake, akarudi na blanketi lake la kitandani, akamfunika.

"Huyu alikuwa na koti," alituambia kesho yake, sisi tukitetemeka. "Alijishonea mwenyewe, miezi mingi. Nani alimuuliza kama anataka kutoa?"

Nilikuwa na hasira za kumrukia, maana mimi sikumnyoa mtu. Nina mdomo, hata mama yangu hulalamika. Lakini nilipoinua macho nikaona hata yeye amevua sweta, amebaki na shati jepesi, mikono imesimama vinyweleo. Kofia tu ndiyo hakuitoa. Ile kofia ya sufu hakuitoa kwa jua, kwa mvua wala kwa sala.

Sitamtaja jina. Sisi tulimwita Mwalimu, na majirani walimwita mzee wa farasi. Alifanya kazi katika shamba moja kubwa juu ya Kiirua, lililofuga farasi wa kupandisha wageni mlimani, na shamba hilo lilichukua vijana wa huku kuwafundisha kupanda na kutunza wanyama ili wapate kazi ya kuongoza wageni. Mimi nilienda huko baada ya shule. Kaka zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Msichana wa kulima viazi, atawaambia nini farasi? Nilibaki huko huko, na leo mimi ndiye ninayefundisha. Ndiyo sababu namkumbuka kila siku. Nafungua mdomo kuwakemea wanafunzi, na sauti inayotoka ni yake.

Somo la kunyoa ndilo alilolipenda kuliko yote. Kupanda, alisema, hata gunia la viazi linaweza kupanda, ukilifunga vizuri. Kumnyoa farasi ndiko kunakoonyesha kama mnaelewana. Tuliambiwa kwanza kwa nini. Huku kwetu kuna baridi, farasi anafuga manyoya mazito, halafu anafanya kazi, anatoka jasho, jasho linakaa ndani ya manyoya, upepo ukimpata anaugua. Basi unapunguza pale panapotoka jasho, shingoni chini, kifuani, tumboni. Miguu unaacha, maana inakanyaga tope na baridi. Na mgongoni unaacha mahali pa tandiko, kipande kamili chenye umbo la tandiko lenyewe, ili ngozi isichubuke. Wanafunzi wengi walitaka kuchora mapambo matakoni mwa farasi, nyota, kopa, herufi za majina yao. Alikataa katakata. "Farasi si ukuta wa choo," alisema.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na mkono. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuwasha mashine kabla ya kuweka mkono wake wa kushoto juu ya mnyama, kiganja chote, akangoja. Unangoja nini? Unangoja mnyama ashtuke, kisha aache kushtuka. Shingo ikilegea, hapo ndipo unawasha. Na mkono huo hautoki mpaka umalize. "Mkono mmoja unanyoa," alisema, "mwingine unaongea. Ukinyamaza, atakimbia, na atakuwa sawa kukimbia." Aliyeanza na mashine kabla ya mkono alirudishwa kufagia mavi wiki nzima. Mimi nilifagia zaidi ya wiki moja, kwa sababu ya haraka zangu.

Sasa, mtu aliyetufundisha mambo ya kugusa namna hiyo, yeye mwenyewe hakuguswa. Hakusalimiana kwa mkono. Ukimnyooshea wako, angeinua wake juu kidogo aseme, "Una oili, huu." Mara nyingi haukuwa na oili. Siku moja nilimwona nzi mkubwa wa farasi ametua begani mwake, nikampiga nzi. Mwalimu aliruka kama mwanafarasi ambaye hajawahi kufungwa kamba. "Usinishike," alisema, si kwa ukali, kwa woga. Nilibaki na nzi wangu mkononi, sijui niombe msamaha au ningoje asante.

Hakwenda kwa kinyozi pia. Disemba, Kiirua nzima ikipanga foleni pale sokoni, yeye alibaki shambani. Wengine walisema chini ya ile kofia ana upara. Gitonga alisema ana pembe. Mimi nilikuwa nimewahi kumwona nyuma ya banda akijikata nywele za kisogoni mwenyewe kwa mkasi, kofia ikiwa kichwani, bila kioo, mkono unapapasa na mkasi unafuata.

Alikuwa mtu wa Kiritiri, kule Mbeere, kwenye joto. Jinsi alivyofika kwetu kwenye baridi hakueleza na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kwetu watu huongea Kimeru, na yeye Kimeru alikisikia vizuri lakini hakukitumia. Na sisi aliongea Kiswahili. Kimbeere chake aliwapa farasi. Ungepita asubuhi ukamsikia ndani ya banda akiongea, anauliza, ananyamaza kidogo kama anajibiwa, anacheka. Ukiingia, anaacha. Iliniuma, nasema kweli. Nilikuwa nikijiuliza ni nini anachowaambia ambacho sisi hatufai kusikia, na siku moja nikaelewa kwamba hakuna siri yoyote. Hakuwa na mtu mwingine wa kumzungumzia lugha ya mama yake, basi.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alichukia umbea, lakini Jumatatu angekuuliza, "Kwenu kuna nini?" kisha ajifanye anakagua kwato huku masikio yamesimama. Aliwafokea waliokosa kanisa, naye hakuwahi kuonekana kanisani. Alisema mtu akila peke yake anakula kama mwizi, na kila mchana alibeba sahani yake ya githeri, mahindi na maharagwe, nyuma ya nyumba ya nyasi kavu, akala huko. Kama ungemfuata na sahani yako, na mimi nilimfuata mara moja, angekula haraka haraka ainuke. Nilikasirika. Nikamwambia, "Kwani ninanuka?" Akasema, "Hapana. Sijazoea tu." Akaenda zake.

Kulikuwa na farasi jike mmoja wa rangi ya kijivu, mzee, ambaye ndiye pekee aliyemzoea Mwalimu. Alikuwa ameacha kubeba watu zamani. Daktari wa mifugo alisema ana ugonjwa wa uzee, ule unaofanya manyoya yasidondoke tena, yanaota tu, marefu, ya kujikunja, mvua ije jua lije. Farasi kama huyo ni lazima anyolewe maisha yake yote, la sivyo atapikika ndani ya ngozi yake. Mwalimu aliichukua kazi hiyo iwe yake. Sisi tulinyoa wengine wote, huyo hatukumgusa. Na akimaliza kumnyoa, yule jike aligeuza shingo akamlamba kiganja, muda mrefu, kwa chumvi ya jasho.

"Wanasema mkono mtupu haulambwi," alituambia siku moja akiwa na furaha, jambo la nadra. "Angalieni. Mtupu kabisa, na unalambwa."

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Tuliiona sote. Mistari yake ya kunyoa, iliyokuwa imenyooka kama mtaro wa viazi, ikaanza kupinda. Farasi wengine akanipa mimi, akisimama nyuma yangu kukosoa. Yule jike hakumtoa. Alimnyoa mwenyewe polepole, akizima mashine kila mara ili apumzishe mkono, na ile kazi ya asubuhi moja ikawa inamaliza siku.

Mwenye shamba akaamua kupunguza farasi, na akamwambia mzee sasa arudi kwao apumzike. Alimuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa. Tulikuwa tumeshasikia kuna mbuzi. Mwalimu akasema mbuzi mleni nyinyi, yeye anataka yule jike.

Mimi sikunyamaza. "Mwalimu, Kiritiri? Na lile joto? Na manyoya yale? Nani atamnyoa?"

"Kwani mimi nimekufa?"

"Hujafa. Lakini mikono je?"

Aliniangalia mpaka nikatamani kurudisha maneno mdomoni. "Mikono ni yangu," alisema.

Siku ya kuondoka lori la kubebea ng'ombe lilikuja, jike akapandishwa, na sisi tukapanga mstari wa kumuaga Mwalimu. Nilinyoosha mkono wangu nikiwa wa mwisho, kwa makusudi, nikauacha hewani. Akaangalia ule mkono. Akasema wake una oili, akapanda mbele kwa dereva.

Kimya kikafuata, misimu na misimu. Nilimpigia simu, haikupokelewa. Nilimlaani kidogo, nikamsahau kidogo, kisha mvua za mwaka jana zilipokwisha, yeye ndiye aliyepiga. Mtu ambaye sijawahi kumwona akipiga simu! Aliuliza kama kuna ukungu. Nikasema upo. Aliuliza habari za yule mweusi wa Gitonga, kama manyoya yalirudi. Nikamwambia Mwalimu, hayo ni ya kale, yalirudi zamani. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na ile mashine ya betri, bado inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Sawa," alisema, akakata.

Watu wa huku hatuombi moja kwa moja, lakini yeye alizidi. Niliipaka mashine oili, nikaijaza chaji, nikaifunga ndani ya sweta na kuondoka. Nilibadilisha gari Embu, na kadiri tulivyoteremka ndivyo nilivyoendelea kuvua nguo, mpaka Kiritiri nikashuka nimebaki na fulana, jasho linanitoka hadi kwenye viatu. Kando ya magunia ya makaa nilimkuta mama mmoja akipepeta ndengu, zile choroko, nikamuuliza nyumba ya mzee wa farasi.

"Farasi?" alisema. "Huku hakuna farasi. Labda yule mzee wa punda. Punda mmoja mkubwa hivi, ana manyoya ya kondoo."

"Si punda."

"Haya, si punda. Hata sisi tulimuuliza, hakubisha." Akaupumzisha ungo magotini. "Wewe ni mtoto wake?"

"Alinifundisha."

"Basi mwambie awe anasalimia watu. Tumejaribu, tumechoka. Mwingine alimpelekea hata uji alipougua, akaupokea kwa dirisha. Kutwa anamwagia huyo mnyama maji, akiongea naye. Mtu ana Kimbeere kizuri hivyo na anampa punda!"

Kwetu nilijidanganya kwamba shida yake ni lugha. Hapa kila mtu aliongea lugha yake, na bado aliongea na yule jike tu.

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja, na mlangoni kulikuwa na kigoda kimoja. Hakukuwa na cha pili. Alikuwa amekonda, kofia ile ile kichwani kwenye joto lile, nywele nyeupe zimetoka chini yake mpaka kwenye kola. Alisimama akanikaribisha kigoda chake, akageuza ndoo akaikalia yeye. Hakuuliza nimekuja kufanya nini. Tuliongea habari za viazi.

Jike alikuwa nyuma, chini ya kibanda cha nyasi. Niliposikia anavyopumua nilisahau heshima nikaenda mbio. Manyoya yalikuwa yamemfunika kama godoro lililopasuka, mabichi kwa maji na jasho, pua zimetanuka, mbavu zinakimbia. Ubavuni kulikuwa na mapengo mapengo yaliyokatwa kwa mkasi, na katikati ya pengo moja kovu jipya, refu kama kidole.

Mwalimu alikuwa amebaki mbali, kwenye kona ya nyumba. Nikamwambia aje. Hakuja.

"Nilimkata," alisema. "Mashine sina, nikasema nijaribu mkasi. Mkono ukaruka. Sasa akiona mkasi, anasogea. Halafu hata bila mkasi. Akiniona mimi, anasogea. Maji namwagia kutoka huku, na kopo."

Sijui kama umewahi kumwona mtu mzima akisema hivyo na huku anaangalia viatu vyake. Niliumia. Niliwaza mabezo yote niliyowahi kumtupia moyoni, ya sahani ya githeri na ya mkono ule wa siku ya lori, nikayaona madogo. Mtu alikuwa na kiumbe kimoja duniani kisichomkimbia, na sasa nacho kinamkimbia.

Nilimfunga jike kamba, nikamkausha na gunia mpaka nikachoka, kisha tukangoja jua limalizie, maana manyoya mabichi hayanyoleki. Nikaweka mkono wa kushoto begani mwake, kiganja chote. Alishtuka. Nikangoja. Lakini kila wakati mzee alipopiga hatua moja kutoka kwenye kona, shingo ilikaza upya, na mimi nikaona hapa nitanyoa mnyama lakini sitakuwa nimesaidia kitu.

"Mwalimu, njoo uweke mkono."

"Atasogea."

"Asogee. Kwani ulitufundisha nini? Mimi nina mkono mmoja wa kunyoa. Wa kuongea uwe wako."

"Mkono unatetemeka."

"Wacha utetemeke!" Nilipaza sauti, Mungu anisamehe, na kwa mtu wa umri ule. "Mimi nimetoka Kiirua na mashine ndani ya sweta. Njoo, tafadhali."

Alikuja kwa upande, polepole, ili aonekane. Akaweka kiganja shingoni, kikitetemeka juu ya yale manyoya, na jike akajivuta mpaka kamba ikanyooka. Mzee hakutoa mkono. Akaanza kuongea Kimbeere, chini chini, na safari hii hakuacha eti kwa sababu mimi niko. Aliongea sana. Sikuelewa yote, nilielewa lile neno linalofanana na letu, la kusema njoo. Kamba ikalegea. Nikawasha mashine.

Tulinyoa mchana wote. Kule Kiritiri hakuna tope la baridi, basi mimi ndiye niliyeamua miguu nayo inyolewe, na mzee akasema sawa kama mwanafunzi. Nilisimama kila mara kuipooza mashine, nikiipima joto kwenye mkono wangu, naye alikagua kila mstari bila kukosoa hata mmoja. Manyoya yalianguka yakajaa miguuni petu. Tulipofika mgongoni nikaacha kipande cha tandiko, kwa mazoea tu, maana hakuna wa kumpanda, na nilipotaka kukiondoa akasema niache. Jike alibaki mwembamba, wa kijivu safi, akajitikisa, akapumua pumzi moja ndefu. Kisha akageuza shingo. Akakinusa kile kiganja kilichokuwa kikitetemeka, akaanza kukilamba.

Mwalimu alisimama tu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kazi na mwingine aliusahau.

Nilianza kufungasha. Nilimwambia nitarudi kabla ya mvua nyingine, na kwamba yule mama wa ndengu ana mikono mizuri isiyo na haraka, anaweza kufundishwa, mashine naiacha. Nilitegemea akatae. Hakukataa. Alikuwa ameketi kwenye ndoo yake, ameinama, anaangalia yale manyoya chini.

"Betri imebaki?" aliuliza.

"Imebaki kidogo."

Akainua mikono yote miwili, akaivua kofia.

Hakuwa na upara, wala pembe. Zilikuwa nywele nyeupe, nyingi, zimeshikana mafundo, na kati yake mapengo ya mkasi, kama yale ya jike. Akaishika kofia magotini. Bila kuniangalia akasema, "Uache kipande cha tandiko."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba huo ni mzaha, wa kwanza kuusikia kutoka kwake. Nilicheka, na kicheko kikanigeuka katikati. Nikasimama nyuma yake. Nikaweka mkono wa kushoto kichwani pake, kiganja chote. Alishtuka mwili mzima, mabega yakapanda hadi masikioni, nikadhani atainuka. Sikuutoa mkono. Nilingoja, vile alivyotufundisha, mpaka shingo ikalegea, kisha nikawasha mashine.